Nguo Zisizo na Harufu ya Belo

Mtumba ukitoka kwenye belo uko na harufu yake. Mtu ambaye amewahi kuuza anaijua hata gizani: dawa kidogo, vumbi kidogo, na kitu kama kitabu cha zamani kilichonyeshewa. Ni haki yake kunuka. Nguo imebanwa na mashine huko Uingereza au Ujerumani, imekaa kwenye kontena mpaka Mombasa, imepanda lori mpaka Kampala, halafu Gulu, halafu Nimule, na kutoka Nimule ni kilomita 192 za lami mpaka Juba. Sisi wa Gumbo lori linatufikia kabla ya mjini, kwa sababu tuko upande wa mashariki wa Mto Nile, huku daraja halijavukwa. Ukifua mara moja harufu haitoki. Mimi hufua mara mbili na kuanika kivulini, maana jua la hapa linakula rangi.

Naanza na harufu kwa sababu ndiyo iliyonishtaki mwaka 2025. Lakini kwanza niseme biashara yenyewe, kwani wengi wenu mko Kakuma na Kalobeyei na mnaniuliza kwa simu ati inafanywaje.

Mchana mimi ni mfanyakazi wa vijana. Hilo ni jina kubwa la kazi ya kufungua ukumbi, kuhesabu mipira, kutenganisha wanaopigana na kuandika ripoti. Posho inakuja ikitaka. Nilirudi kutoka Kakuma mwaka 2021 nikiwa na cheti cha kidato cha nne na Kiswahili, na hapa Juba watu wanaviangalia vitu hivyo viwili kama mtu aliyekuja na viatu vyote vya mguu wa kushoto. Sikuanza na mtaji. Nilianza na gauni langu la kanisani. Nilipungua mwili mwaka ule, gauni likawa linanining'inia, nikalipiga picha na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la watu waliorudi kutoka Kakuma. Likachukuliwa kabla chai yangu haijapoa. Kesho yake nikauza la pili. La tatu mama alinificha.

Zangu zilipoisha nikaanza kwenda sokoni siku ya kufungua belo. Unafika mapema. Anayechagua kwanza analipa zaidi. Wale wa Gikomba wanaita kamera. Zinazobaki chini jioni, zimeshakanyagwa, hizo ni fagia. Siko na pesa ya belo zima, kwa hiyo nachagua kumi au kumi na mbili na kuondoka. Naangalia kwapa kwanza, halafu zipu, halafu mshono wa katikati ya mapaja kama ni suruali. Mtu akikuambia aangalie kola kwanza, huyo anauza mashati tu.

Saizi ya lebo usiiamini. 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, na belo moja linaweza kuwa na zote mbili, moja ya Marks & Spencer na nyingine ya duka la huko Ohio. Napima kwa futi ya fundi: kifua, kiuno, urefu kutoka begani. Picha napiga saa moja asubuhi, kwenye mlango wa bluu wa jirani, kwa sababu ukuta wetu ni mabati na mabati yanarudisha mwanga. Kisha naandika chini: urefu, upana, bei, na kasoro. Hapo kwenye kasoro ndipo biashara ilipo. "Kifungo cha tatu si cha kwake." "Doa dogo nyuma, halionekani ukikaa." Mteja wa Gudele hawezi kushika nguo akiwa kwake. Anashika maneno yako. Ukimdanganya mara moja, anakaa kimya tu, hanunui tena, na dada yake naye hanunui. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na watu wanaonitumia pesa kwa m-Gurush au MoMo kabla boda hajawasha pikipiki. Katika mji huu, ambapo watu wanahesabu noti mara tatu mbele ya mama zao, hilo kwangu lilikuwa kama shahada.

Mama alikuwa hapendi. Aliamini hizi ni nguo za maiti. Wazee wa Tanzania nao walikuwa wanaziita kafa Ulaya, na mwaka 2023 Rais Museveni alisema jambo kama hilo hadharani alipotaka kuzipiga marufuku Uganda. Kabla yake, mwaka 2016, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuziondoa kidogo kidogo mpaka 2019. Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda nafuu ya kuuza nguo zake kule bila ushuru. Nakumbuka zaidi mwaka 2020, Kenya iliposimamisha mitumba kwa miezi kadhaa sababu ya korona, na mama wauzaji pale Kakuma 1 wakakaa na turubai tupu mbele yao. Sina ugomvi na viwanda. Ila mtu anionyeshe shati lililoshonwa hapa ambalo dereva wa boda anaweza kulinunua, ndipo tuongee mambo ya maiti.

Februari 2024 bomba la mafuta yetu likaharibika ndani ya Sudan, kwa sababu ya vita vyao, na pauni ikaanza kuanguka. Niliacha kuandika bei kwenye picha. Bei ya asubuhi ilikuwa ya zamani ikifika jioni.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyomleta Khalti. Simtaji jina. Alitoka Khartoum mwaka 2023 na watoto wawili, akapitia Renk, akaishia mjini upande wa Konyo Konyo, akipika chai. Alipata namba yangu kwa mwanamke mwingine, akanunua viatu vya shule vya watoto. Kiarabu chake ni cha Khartoum na changu ni cha Juba, kwa hiyo alikuwa ananicheka halafu ananirekebisha, na mimi nilikuwa nafurahi, kwa sababu ndivyo mama mmoja wa Kiturkana alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo Kakuma. Nilijua maisha yake. Kukaa kwenye mji wa watu ukiongea polepole ili lafudhi isisikike, hiyo nimeifanya miaka mingi.

Sasa Januari 2025.

Tarehe 11 jeshi la Sudan liliutwaa tena mji wa Wad Madani. Siku chache baadaye video zikaanza kufika kwenye simu zetu: watu wetu, Wasudani Kusini waliokuwa wakiishi huko, wanauawa. Sitazieleza. Moja ilinifikia Jumatano jioni nikiwa napanga picha za mauzo. Niliiangalia mpaka mwisho, nikalia, nikaiweka kwenye stetasi yangu pamoja na maneno machache ya hasira ambayo siyarudii hapa. Halafu, na hii ndiyo naona haya kuisema, nikaendelea na picha za nguo. Kwa hiyo mtu aliyefungua stetasi yangu usiku ule aliona gauni la maua, video, blauzi ya kijani. Watu 143 walitazama. Vijana wangu wa ukumbini karibu wote wana namba yangu.

Alhamisi mji ukawaka. Maduka ya Wasudani yakavunjwa na kuporwa sehemu nyingi za Juba. Watu waliuawa, watu ambao hawajawahi kufika Wad Madani na wengine waliokimbia vita hivyohivyo. Ijumaa serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Ukumbi wetu ulifungwa. Nikampigia Khalti mara mbili, simu haikupatikana. Nikajiambia chaji imeisha. Sikumpigia mara ya tatu.

Wiki iliyofuata, tarehe 22, Facebook na TikTok zikafungwa nchi nzima, na sababu iliyotolewa ni zile video. Nilikasirika sana. Nusu ya kastoma wangu walikuwa Facebook. Nilizunguka uani nikilalamika kwamba serikali imenikatia riziki kwa ajili ya wajinga wanaosambaza video. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliniangalia, akaendelea kupepeta.

Siku hiyohiyo akaja Kapteni. Namwita hivyo kwa sababu ndiye anayevaa kitambaa cha mkononi timu yetu ikicheza. Miaka kumi na nane, mpole, aliwahi kukaa siku nzima akitengeneza bawaba ya mlango wa ukumbi bila kuombwa. Alikuwa na gunia la unga begani.

"Ticha, uko na dakika?"

Ndani kulikuwa na abaya kumi na nne, nyeusi, kila moja kwenye plastiki yake, zina ushanga wa bluu mkononi.

"Nimezipata kwa jamaa. Wewe ndiye unajua kuuza. Uza, tugawane nusu kwa nusu."

"Jamaa gani?"

"Jamaa tu."

Nikachukua moja nikaiweka puani, kama ninavyofanya kila siku. Haikunuka kitu. Plastiki na uzi mpya, basi. Niandike hapa vizuri ili nisijipake rangi baadaye: sikushuku. Nilijua. Lakini mdogo wangu yuko shule ya bweni Uganda, muhula wa kwanza ulikuwa unaanza mwanzoni mwa Februari, karo inalipwa kwa shilingi za Uganda, na pauni zetu ukizibadilisha zinabaki kama majani ya chai baada ya kuchujwa. Facebook imefungwa. Jioni watu wanaogopa kutoka. Nilimwambia aache gunia.

Nikapiga picha tatu kwenye mlango wa bluu. Nikapima. Nikaandika urefu, upana, bei pauni 80,000. Nilipofika pa kuandika kasoro, nikaandika: hakuna.

Mbili ziliuzwa kabla ya saa sita mchana. Saa tisa ukaingia ujumbe. Ni Khalti. Hakusalimia, naye ni mtu wa salamu ndefu, huanza na mama yako anaishia na kuku. Aliandika tu: "Zimebaki ngapi?"

Nilikaa na hilo swali siku mbili. Nilifuta stetasi, lakini sikumjibu. Usiku nilikuwa nafungua ujumbe, nausoma, nafunga. Kila mara niliusoma kwa sauti tofauti. Mara nilisikia mnunuzi, mara polisi. Mara nilisikia mtu anayekucheka.

Siku ya tatu nikapiga. Aliitika. Alikuwa mzima, na watoto, wamehifadhiwa na jirani Msudani Kusini, mwanamke mzee ambaye alikaa mlangoni usiku ule na kuwaambia vijana wapite juu yake kwanza. Nikamuuliza kama abaya ni zake. Akasema yeye anapika chai, abaya atazitoa wapi? Ni za kijana wa duka la pili kutoka kwake. Anazinunua bila ushanga na kuutia yeye mwenyewe usiku, ndiyo maana aliutambua. Sasa amejificha kwa ndugu zake na hataki kuliona duka tena.

"Nimeuliza zimebaki ngapi," akasema, "ili nimwambie idadi. Anahesabu alichobakiwa nacho duniani."

Nikamwambia kumi na mbili. Akasema sawa. Hakuniita mwizi. Hakuniita binti yangu pia.

Nikamtafuta Kapteni. Alikuwa kwenye uwanja, amekaa juu ya tairi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kama nyinyi mnavyonijua, nimesoma semina tatu za kujenga amani, niko na vyeti vyake kwenye bahasha. Nikaanza. Wale watu hawakufanya kitu. Wamekimbia kama sisi tulivyokimbia. Duka la mtu ni jasho lake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi sikuvunja," akasema. "Nilikuta mlango uko chini. Kila mtu anabeba."

"Na wewe ukabeba."

"Ticha, ile video mimi nilikuwa sijaiona. Simu yangu haikuwa na bando. Mtu alinionyesha kwa simu yake. Akasema, ona, hata ticha ameiweka."

Nikasema kitu kuhusu sheria. Sikujisikia hata mwenyewe nikikisema. Akaniuliza kama nimeuza ngapi na pesa yake iko wapi. Nikamwambia hakuna pesa, zinarudi. Akasimama, akapiga ile tairi teke, akaenda. Kitambaa cha ukapteni alikiacha ukumbini juu ya meza, bila mtu kumwomba.

Kulikuwa na shida ya kuzifikisha. Wakati ule kubeba nguo mpya ndani ya gunia na kuvuka daraja ni kujitafutia. Walikuwa wanatafuta waporaji, na ukweli ni kwamba mali ya kuporwa ndiyo nilikuwa nayo. Boda wangu wa kawaida alikataa hata kusikia. Basi nikafanya ninachokijua. Nikazitoa abaya kwenye plastiki zao, nikazikunja ndogo, na kila moja nikaifungia ndani ya mtumba: moja ndani ya koti, moja ndani ya shuka, mbili ndani ya jinzi kubwa. Juu nikaweka fagia ambazo nilikuwa bado sijazifua. Nikapanda matatu saa nne asubuhi. Kwenye kizuizi kimoja mtu mwenye bunduki akaniambia nifungue. Harufu ikampiga usoni.

"Mitumba?"

"Mitumba."

Akachagua tisheti moja, akaitupa begani kama amelipa, akaniambia nipite. Nilicheka peke yangu mpaka ng'ambo, ile cheko ya magoti kutetemeka.

Khalti alinipokea uani kwa yule jirani mzee. Tulizifungua moja moja. Zilikuwa zimeshika harufu ya belo. Nilitaka kuzifua kwanza, akakataa, akasema mwenyewe hatajali. Nikampa pia 160,000 za zile mbili, ila hapo niseme ukweli kidogo zaidi. Kati ya walionunua, mmoja nilipomweleza alirudisha siku ileile, nikamrudishia pesa yake, na abaya yake nikaipeleka baadaye. Wa pili alisema, "Mimi nimenunua. Sijaiba. Wewe ndiye uliyeniuzia." Na ni kweli. Kwa hiyo ya kwake nililipa mimi, na ile 80,000 ya ziada nilimwachia Khalti anunulie watoto sabuni. Karo ya mdogo wangu ilichelewa wiki tano. Alikaa nyumbani wiki hizo akinisaidia kuanika nguo, na sikuwahi kumwambia sababu. Sasa ataisoma hapa.

Yule aliyebaki na abaya huivaa. Nimemwona mara mbili, mara moja kwenye matanga. Inampendeza. Ushanga mmoja umeshatoka.

Facebook haikukaa imefungwa hata wiki moja. Ilirudi mwisho wa mwezi uleule wa Januari, na kastoma wakarudi nayo. Naendelea kuuza. Nimetenganisha simu: laini moja ya nguo, nyingine ya mambo mengine yote, na kwenye ile ya nguo siweki hata picha ya harusi. Wenzangu ukumbini wanasema nimezidisha. Inawezekana. Pale ukumbini tuliwahi kukaa na vijana kuongea mambo ya Januari, mara moja, na mimi ndiye niliyetakiwa kuongoza. Nilianza kwa kuwasomea kilichokuwa kwenye stetasi yangu siku ile, kwa mpangilio wake: gauni, video, blauzi. Hakuna aliyecheka. Kapteni hakuwepo.

Lakini ananifuata. WhatsApp inakuonyesha nani ametazama, na kila nikiweka nguo jina lake linatokea mapema, wakati mwingine la kwanza, hata saa moja asubuhi. Miezi minne alitazama bila kuandika neno. Mwezi uliopita niliweka viatu vya mpira, namba 42, vyenye meno ya plastiki, vya kampuni nzuri. Ikaingia ujumbe.

"Ticha, ziko na kasoro gani?"

"Soli ya kushoto imeachia mbele. Na kamba moja fupi."

"Naweza kushona."

"Njoo uviangalie kwanza."

Akauliza ni saa ngapi niko nyumbani.